Nilifundishwa kuruka maneno madogo, Cucu akakata kahawa yake yote

Wakuu, salamu popote mlipo.

Haya ni ya kweli. Mtu hawezi kujitungia aibu ya aina hii. Bado nina hasira, kwa hivyo mnivumilie.

Mimi ni karani kwa kiwanda kidogo cha kahawa huku upande wa Githongo. Circular, yaani barua za maagizo, zikija kutoka ofisi kuu, nyingi kwa Kiingereza, mimi huzisoma kisha nawaeleza wakulima kwa Kimeru. Shida yangu ilikuwa moja: nilikuwa nasoma polepole.

Meneja akipita mezani kwangu anauliza, "Bado uko kwa hiyo page? Ama unaipalilia?" Ofisi nzima inacheka. Iliniuma kwa miezi.

Basi nikaona tangazo la kozi ya kusoma kwa kasi, ya watu walioajiriwa, Meru mjini. Jumamosi moja tu. Nikaenda.

Trainer alikuja na viatu vya ncha kali na maneno laini. Akatuambia macho yasirudi nyuma. Kidole kisiguse karatasi, hicho ni cha watoto wa nursery. Na maneno madogo ni makapi, yaruke, shika yale mazito.

Tukapimwa kwa saa. Jioni kasi yangu ilikuwa mara mbili. Hakuna aliyetuuliza tulichosoma kilisema nini. Hapo ningeshtuka, lakini nilikuwa nashangilia cheti kama mjinga.

Jumatatu ikaja circular. Sentensi yenyewe ninaijua kwa moyo sasa: "Farmers to cut old heads only after suckers bear."

Kwa wasiolima kahawa, old heads ni mashina ya zamani, na suckers ni machipukizi yanayolelewa pembeni ili yachukue nafasi yake.

Macho yangu yakashika cut, old heads, suckers, bear. Only after, yaani baada tu ya, nikaruka, si ni makapi. Nikasimama mbele ya wakulima nikatangaza kwamba wakate mashina ya zamani ili machipukizi yazae. Nikabandika karatasi ubaoni. Dakika mbili, kazi imeisha.

Cucu Kagendo akainua mkono. Cucu ni nyanya kwa lugha ya huku; huyu ni mjane, na kahawa ndiyo mali yake yote. Kanisani husoma Biblia kwa kidole, polepole mpaka vijana wanasinzia. Lakini ukimuuliza Ijumaa, atakuambia sura yote ya Jumapili.

"Mwanangu, kwa miti kuna maua. Hebu hiyo barua soma tena."

"Cucu, nimeshasoma. Niko na cheti ya kusoma."

Watu wakacheka. Yeye akaketi.

Saa kumi meneja akasoma ile karatasi ubaoni, akaniita kwa upole. Upole wake ndio ulionitisha. Tukaanza kupiga simu. Wengi hawakuwa wamekata, kwa sababu mkulima wa huku hagusi jambo jipya mpaka aone la jirani. Cucu hana simu, na Cucu alikuwa ametii.

Nilifika kwake nikiwa nakimbia. Shamba lake dogo lote lilikuwa visiki. Maua meupe yalikuwa chini, bado yananukia. Machipukizi yake yalikuwa na urefu wa kidole tu. Hiyo ni misimu miwili bila kahawa, wakuu. Mama wa miaka sabini na kitu.

Hakunipigia kelele. Aliniuliza kama nimebeba ile karatasi, nikasema ndiyo, nilikuwa nimeibandua ubaoni.

"Haya, nisomee. Weka kidole."

Nikasoma nikiwa nimesimama katikati ya visiki. Neno kwa neno, kwanza Kiingereza, kisha Kimeru. Nilipofika kwa only after, akanisimamisha.

Akauliza, "Hayo mawili yalikuwa wapi asubuhi?"

 

Nilimpigia trainer. Unajua alisema nini? Kwamba nilihitaji kuingia darasa la advanced. Nikamkatia simu, la sivyo ningesema maneno ambayo moderators wa hapa wangeyafuta. Na meneja aliyenicheka nilipokuwa polepole sasa anasema anashangaa nilikimbilia nini.

Lakini hasira kubwa ni yangu mimi kwangu. Mwenye kujua kahawa aliniambia nirudi nyuma, nikamwonyesha cheti.

Msiniletee haraka haraka haina baraka, nimeambiwa na kila mtu mpaka mhubiri. Nilichojifunza ni kwamba kasi huja yenyewe ukiielewa kazi unayoisoma. Mimi nilikuwa polepole kwa sababu sikujua kahawa, si kwa sababu ya macho. Siku hizi nikishindwa na sentensi naenda shambani kuuliza. Only, unless, before, hayo maneno madogo nayazungushia kalamu.

Jumamosi mimi hushinda kwa Cucu nikimpalilia yale machipukizi. Na kila mkutano yeye hukaa mbele kabisa. Nikimaliza kusoma, husema, "Tena."

Nasoma tena.

Kama umewahi kusoma kitu mbio kikakuumbua kazini, andika hapa chini. Nitasoma kila moja, kwa kidole.