Pamba Shavuni, Mate Tumboni

Umande haujakauka kwenye migomba, na Ludivina Cabahug ananawa mikono kwenye pipa la Bibi Consorcia, kijijini milimani, kisiwani Bohol. Mkobani ana vijiti vyenye pamba nchani. Kazi yake ni kupapasa kwa pamba hizo ndani ya mashavu ya watoto.

Lakini Jovelyn, mwenye miaka minne, amefichwa nyuma ya gauni la bibi yake.

"Leo humgusi, Dibing," anasema Bibi Consorcia, akimwita Ludivina kwa jina lake la utani. "Mwaka jana ulimsifu mashavu, ukaenda zako. Jioni, homa."

"Nilikuwa nawahi gari, bibi."

"Homa haijui gari."

Hapa mgeni akimsifu mtoto, humpaka mate yake tumboni, sifa isije ikageuka maradhi. Maradhi hayo huitwa *buyag*. Ludivina amekulia bonde la pili, anajua. Ila mwaka jana, mbali na kuwahi gari, alikuwa na glavu mkononi, akaogopa kuchafua sampuli.

Jovelyn alikuwa tumboni mwa mama yake kimbunga kilipong'oa paa la nyumba hii. Watafiti wa chuo waliomtuma Ludivina wanataka kujua kama dhiki ya mama huacha alama kwenye vinasaba vya mtoto. Alama hizo hazibadilishi vinasaba vyenyewe, bali huamua kipi kifanye kazi na kipi kilale. Hubadilika mtoto akikua, ndiyo maana sampuli huchukuliwa kila mwaka. Ya mwaka huu ikikosekana, Jovelyn ataondolewa kwenye utafiti.

Ludivina hataki kumpoteza hata mmoja kati ya watoto wake sitini.

"Binti yangu naye alikuwa mjamzito kimbunga kile," anasema taratibu. "Wa kwetu hakufika. Nataka kujua hawa waliofika walibeba nini."

Anavua glavu. Analowesha kidole gumba kwa ulimi, anakipitisha juu ya kitovu cha Jovelyn.

"Mate yenyewe ndiyo hayo?" anauliza Bibi Consorcia. "Sifa ulizimwaga kama mvua."

Ludivina anaongeza. Bibi anasogea pembeni.

Anarudi kwenye pipa, ananawa kwa sabuni, anavaa glavu mpya. Jovelyn anapanua mdomo. Pamba inazunguka shavu moja, kisha la pili.

"Inatekenya," mtoto anasema, kijiti kikishafungiwa kwenye kichupa chake.

Ludivina anakusudia kuendelea na kazi hii mpaka watoto hao wamalize shule ya msingi. "Siku hiyo waelezwe wenyewe tulichokipata," anasema. "Mashavu ni yao."

Anapoinama kufunga mkoba, Jovelyn anamshika mkono.

"Mikono yako laini," anamwambia.

Kisha anasita, kama aliyekumbuka jambo. Analowesha kidole gumba chake, anainua upindo wa blauzi ya Ludivina, na kumpaka mate tumboni.

"Usije ukaumwa," anasema. "Mwakani nani atakuja?"