Masa ya Mkwe na Mwiko Wangu

Mimi ni mtu wa nyumbani. Si kwamba naumwa, wala hakuna aliyenikosea. Ni kochi langu tu na mimi tumezoeana. Mke wangu, ambaye kazi yake ni kutunza wazee, huwaambia wageni kwamba akirudi kutoka kwa wazee wa kulipwa humkuta wa bure anamngoja sebuleni. Mwaliko ukija, mimi hutafuta mila ya kunizuia. Mila zetu za bara ni nyingi, haikosekani moja.

Binti yetu alipoolewa katika familia ya Wameksiko wa Beltsville, huku ughaibuni tunakoishi, mila ilijileta yenyewe. Kwetu mzazi hazururi kwa wakwe. Huenda akiitwa, hukaa mahali pa heshima, huletewa chai, huisifu, huondoka. Na jikoni haingii hata nyumba ikiungua. Kwa mila hiyo nilikwepa siku yao ya kutengeneza tamale, vile vifurushi vya unga wa mahindi na nyama, Krismasi baada ya Krismasi, huku nikila zile nilizoletewa bila mila yoyote kunizuia.

Kisha binti akanipigia simu. Huyu mtoto anaelewa Kiswahili chote, hata kile tusichotaka aelewe, ila hutujibu kwa Kiingereza. Siku hiyo alisema Kiswahili, nikajua mambo ni mazito.

"Baba, unakumbuka mama mkwe alifiwa na mama yake?"

"Nakumbuka. Nilipeleka rambirambi."

"Mama ndiye alipeleka. Wewe ulisema goti linauma." Akashusha pumzi. "Yule nyanya ndiye alikuwa anakanda masa, ule unga wa tamale, kila mwaka. Hakumwachia mtu. Sasa mama mkwe atakanda mwenyewe, na anaogopa, Baba. Anataka zitoke kama za mamake. Amesema watu wote wawepo."

"Mama yako si yupo?"

"Mama ana shifti."

"Lakini unajua kwetu, mzazi wa..."

"Dad."

Neno moja, na mila zote za ukoo zikaanguka.

Jumamosi akaja kunichukua kwa gari pale Takoma Park. Nilikuwa nimevaa koti la kanisani na tai, kama mtu anayekwenda kuketi mahali pa heshima. Mke wangu, akiwa tayari na viatu vyake vya kazi, alinitazama akasema, "Unapendeza. Sasa kaa hivyo hivyo, usianze maoni yako." Njiani tulipita mashamba ya serikali ambako mimea hufanyiwa utafiti. Nikamwambia binti kwamba mahindi ya huku yamesoma kuliko mimi, maana mimi niliishia kidato cha nne. Hakucheka. Alikuwa akimwazia mkwe wake.

Mkwe, yaani huyo mama mkwe wa binti, alinipokea mlangoni. Nikanyoosha mkono kwa heshima na umbali unaofaa. Akaupita mkono, akanikumbatia, akanivua koti, akanifunga aproni yenye maua mekundu, yote kabla sijamaliza salamu ya kwanza.

"Konswegro!" akasema. Ndivyo wanavyomwita baba wa mkwe wao kwa Kihispania; mengine tulizungumza kwa Kiingereza. "Leo umepona goti?"

Binti akatazama dari.

Nikatafuta kochi kwa macho. Lilikuwa limejaa makoti. Katika nyumba ile hapakuwa na mahali pa heshima siku hiyo. Mahali pote palikuwa pa kazi. Mkwe wangu wa kiume alikuwa kwenye sinki akiosha maganda ya mahindi yaliyolowekwa yakalainika. Shangazi zake wawili walikuwa wakichambua nyama ya nguruwe iliyopikwa kwa pilipili nyekundu, wakicheka kitu ambacho naamini kilikuwa tai yangu. Kazi yenyewe si ngumu kueleza: unachukua ganda, unalipaka masa, yaani ule unga wa mahindi uliokandwa kwa mafuta ya nguruwe na mchuzi, unaweka nyama katikati, unakunja kama unayemfunika mtoto mchanga, kisha zote zinasimamishwa kwenye sufuria kubwa na kuiva kwa mvuke.

Masa yenyewe ilikuwa kwenye beseni mezani, na mkwe aliikanda kwa mkono huku akitazama ukutani, kwenye picha ya mama yake. Anakanda, anatazama picha, anaongeza mchuzi kidogo, anatazama tena, kama anayesubiri kukaripiwa. Mwisho akaniita.

"Konswegro, nashuka chini kuleta sufuria. Wewe koroga tu, isikauke. Koroga tu."

Basi, jamani. Nikashika mwiko, nikatazama ndani ya beseni. Ile ilikuwa rojo. Kwetu unga wa mahindi ukiwa hivyo, mpishi hufunika sufuria na kuwaambia wageni kuna mchele. Nikamwonea huruma mama wa watu: amefiwa, ana wasiwasi, na sasa ameharibu unga mbele ya familia. Mfuko wa unga ulikuwa pale pale. Nikamimina. Nikasonga. Nikamimina tena, nikasonga kwa ustadi wa mtu aliyekula ugali maisha yake yote bila kuupika, hadi mwiko ukasimama wenyewe katikati. Nikaona fahari.

"Dad," binti akanong'ona, "what did you do?"

"Nimeuokoa."

Mkwe akapanda ngazi na sufuria yake. Akautazama mwiko uliosimama. Akajaza glasi maji, akachota donge dogo la masa, akalidondosha ndani. Masa nzuri, nilikuja kuambiwa, huelea. Donge langu lilizama kama jiwe la mto.

Uso wa mkwe ukaanza kuwa mwekundu, mdomo ukafunguka, na hapo shangazi mmoja akapiga makofi kwa nguvu.

"La! Hapana! Usikasirike! Usikasirike karibu na sufuria!"

Maana wanaamini kwamba mtu akikasirika jikoni siku hiyo, tamale hazitaiva hata zikichemshwa hadi Pasaka. Mkwe akafunga mdomo. Akapumua kwa pua. Akanitabasamia tabasamu ambalo, kwa kweli, lilinitisha kuliko hasira.

"Sina hasira," akasema polepole. "Nina furaha. Nina furaha sana, konswegro. Vua tai."

Nikavua tai. Akaongeza mchuzi wa moto na mafuta, akanisukumia beseni, akaniambia nipige kwa mkono, si kusonga, kupiga, hewa iingie. Nilipiga hadi mabega yakauliza nimeyakosea nini. Kila nikipumzika, binti alisema, "Baba, nyanya alikuwa na miaka themanini na hakupumzika." Mkwe alidondosha donge: likazama. Nikapiga. Likazama nusu. Nikapiga. Hatimaye moja likaelea kwa shida, kama mtu anayejifunza kuogelea, na nyumba nzima ikashangilia.

Hawakuniachia hapo. Sufuria ilipowekwa motoni, shangazi wakaifunga vipande vya ganda kwenye vishikio kama hereni, ili isahau ugomvi, na wakasema aliyesababisha lazima aichezee. Nikacheza ile mikono na mabega tunayochezea harusini, na aproni yangu ya maua. Mkwe alicheka hadi akashika meza. Binti akanirekodi. Mke wangu alikuwa ameiona video kabla ya chai yake ya mapumziko.

Zilipoiva, kicheko kikakatika. Mkwe alitoa moja, akaifungua ganda. Likabanduka safi. Akauma. Akatafuna kwa muda, macho kwenye picha, nasi tumemzunguka kama tunaosubiri matokeo ya mtihani.

"Hizi si za mama," akasema. "Za mama zilikuwa laini. Hizi ni ngumu kidogo. Mama angezikataa."

Nikainamisha kichwa. Mkono wake ukaingia tena kwenye sufuria, akatoa ya pili, akaila yote.

Ya tatu hakuifungua. Aliiweka kwenye kisahani, akaisimamisha kwenye kabati chini ya picha, akafuta macho kwa kiwiko, kisha akaanza kuzungumza Kihispania na mama yake, kwa kirefu, huku akininyooshea kidole.

"Anasema nini?" nikamwuliza binti.

"Anakushtaki, Baba."