Njiwa wa Lali Walipofunguliwa

Juzi niliingia duka la nafaka hapa Mombasa kununua mchele, nikajikuta nimesimama kando ya gunia la mtama lililofunguliwa. Harufu ile mnaijua? Vumbi kavu, utamu kidogo, na katani ya gunia lenyewe lililopigwa jua. Nikasahau nilichokuja kununua. Mwenye duka akaniuliza, "Wafuga kuku, dada?" Nikamwambia sifugi kitu, nina mtoto mmoja na huyo ananitosha. Akacheka. Mkono wangu ulikuwa umeshaingia guniani, unaukoroga mtama kutafuta uvundo, na mimi sikumbuki kuutuma.

Aliyenifundisha kunusa mtama ni kaka yangu Lali. Tulikulia Shela, kisiwani Lamu, nyumba ya mawe yenye dari bapa juu, na juu ya dari ile kulikuwa na mambo mawili yaliyogombana kila siku: kamba za Mama na njiwa wa Lali. Mama alikuwa akifua mashuka ya nyumba za wageni. Baba alikuwa kwenye kazi za ujenzi Malindi, tukimwona sikukuu kwa sikukuu. Basi kila asubuhi ilikuwa ni kelele. "Lali! Hawa wanao wakininyea shuka tena, wallahi nawatia chunguni!" Na Lali hujibu kutoka juu, bila haraka, "Mama, hawa hawapikiki, ni mishipa mitupu."

Hawakuwa hawa njiwa wa mitaani wanaolala juu ya misikiti. Walikuwa njiwa wa mashindano, wale wanaopelekwa mbali, wakaachiwa, wakashindana kurudi kwao. Jozi ya kwanza Lali alipewa na Mwalimu Wekesa, mtu wa bara aliyeletwa kufundisha Amu, mjini, akaja kisiwani na begi moja la nguo na matundu mawili ya njiwa. Watu walimcheka sana. Lali hakumcheka. Kila Jumapili alitembea ufukweni mpaka Amu kumsaidia kusafisha matundu, hadi mwalimu akachoka kumwona akimeza mate, akampa.

Kazi ya kulea makinda ina utaratibu, na Lali, ambaye hakuwahi kukunja shuka lake mwenyewe tangu azaliwe, kwenye utaratibu huo alikuwa kama askari. Kinda akianza kudonoa mwenyewe, anatengwa na wazazi wake. Chakula chake ni mtama na pojo, na kipimo ni kikombe kidogo cha kahawa. Maganda ya chaza yanapondwa na kuwekwa kando, ayale akitaka. Maji yanabadilishwa asubuhi, na siku moja moja yanatiwa kitunguu saumu. Ijumaa karai la kuoga linapandishwa darini, nao wanaoga humo wakirusha maji huku na huku, na Mama akizidi kupiga kelele.

Na kabla ya kumwaga chakula, Lali alichukua kopo la maziwa lenye punje za mahindi ndani, akalitikisa na kuita, "Ndoo! Ndoo!" Kwetu njoo ndiyo ndoo. Kinda hujifunza kwamba sauti ile ni chakula. Ndiyo sababu mazoezi huja kwanza na chakula baadaye: wanaruka na njaa, wanazunguka juu ya nyumba mpaka mabawa yachoke, kisha kopo linalia nao wanashuka. Mimi niliwaonea huruma, nikataka wale kwanza. "We Mwanaisha," aliniambia, "nikimpa ashibe, atarudi kufanya nini?"

Siku iliyo kubwa kuliko zote ni ile ya kutoka mara ya kwanza. Kinda anakaa kwanza ndani ya tundu la waya juu ya dari, atazame minara, mchanga, bahari, aijue nti yake, yaani nchi yake, kama Lali alivyokuwa akisema. Halafu anafunguliwa mapema, bawa likingali dogo. Ukichelewa, bawa linakuwa na nguvu kuliko akili, anainuka moja kwa moja na humwoni tena.

Mwaka mmoja makinda walikuwa kwenye waya, wakitazama, Lali amekwisha kunitangazia kwamba nitashika kopo mimi, ndipo homa ikamshika. Ilianza kama homa zote. Mama akampikia uji, akamkanda, akamsomea. Ikazidi, akapelekwa hospitali Amu kwa boti. Alirudi kwa boti ileile amefunikwa.

Mimi sikuhisi kitu. Nawaambia kweli tupu, maana watu hupenda kusikia kwamba mtoto alilia akagaagaa. Sikulia. Niliona nyumba inajaa wanawake, nikaona viatu vimerundikana mlangoni, nikawaza viatu vingi hivi vitatambuliwaje. Nilimwona Baba amefika kutoka Malindi na saruji bado kwenye kucha. Mtu akinikumbatia nilisubiri amalize. Nilikuwa kama mguu ulioukalia vibaya ukafa ganzi: unauona ni wako, unaugusa, haupo.

Siku za matanga chakula hakikuisha. Kila jirani alileta sinia, na wanawake walipochoka joto la chini walipanda darini kupunga upepo, wakawaona makinda. "Masikini, njiwa wa marehemu!" Basi kila aliyepanda akawarushia konzi ya wali. Bi Zena, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mwanamke mwenye huruma na mdomo visivyo na kipimo, aliwapa hata zabibu za pilau. Nilitaka kusema hapana, wanakula kikombe kimoja tu cha kahawa. Badala yake nikashuka kuosha masinia.

Hitima ikasomwa, watu wakapungua, Baba akarudi kazini kwa sababu kazi haingoji. Tukabaki mimi na Mama. Akayarudia mashuka yake. Hakupiga kelele tena. Njiwa wakubwa, waliozoea kwenda na kurudi wenyewe, wakanya watakapo, naye akalichukua shuka, akalifua upya kimya. Mlango wa tundu la makinda aliutia kufuli, ufunguo akaufunga kwenye pindo la leso yake.

"Mama, hawa walikuwa watoke," nilimwambia.

"Hakuna atakayetoka humu."

"Lali alisema..."

"Watatoka nde wasirudi. Hakuna atakayetoka."

Lakini kuwalisha, aliwalisha. Asubuhi, adhuhuri, alasiri, kila alipopanda kuanika. Aliwapa mpaka chakula kikabaki kimezagaa wakikikanyaga. Yeye mwenyewe sikumwona akila. Alikaa mbele ya sahani, akausogeza mkate huku na huku, halafu sahani ikaenda kwa paka. Mimi nilikula kwa Bi Zena, nilichopewa, na ladha yake sikuijua. Usidhani tulikuwa tukigombana. Tulikuwa watu wawili wanaoishi nyumba moja na kupishana kwenye ngazi.

Makinda wakanenepa. Wakaacha kupiga mabawa asubuhi. Wakawa wanakaa kwenye kijiti chao kama wazee kwenye baraza, matumbo mbele.

Mwalimu Wekesa akaja kutupa pole mara ya pili, akaomba kuwaona. Alipanda, akachuchumaa mbele ya waya, akawatazama mmoja mmoja. Aliposhuka, Mama alimpa chai.

"Mama Lali," alisema, "usinielewe vibaya. Hawa ndege wamenona kama kuku wa Krismasi. Na hawajawahi kutoka hata siku moja?"

"Hawajatoka, Bwana Mwalimu."

"Sasa hiyo ndiyo shida. Mabawa yamekomaa. Mkingoja kidogo tu, siku mtakayofungua hamtawaona tena. Watakaa kwa hiyo waya mpaka wafe. Ama muwarushe sasa, ama mnipatie niende nao, nione kama naweza kuwaokoa."

"Hawatoki na hawaendi."

"Mama, Lali hakuwafuga wakae."

Nilidhani Mama atamfukuza. Alikiangalia kikombe cha chai. Mwalimu akaona amesema ya kutosha, akaaga, akavaa viatu vyake.

Jioni ile, Mama akiwa anakunja mashuka, akanishikisha ncha moja na kuuliza bila kunitazama, "Alikwambiaje? Hiyo siku ya kwanza."

Nikamwambia yote. Njaa kwanza, kopo, asubuhi jua likiwa bado dogo. Nikaona kwamba mate yamenikauka kwa kusema. Nilikuwa sijasema maneno mengi hivyo tangu hitima.

Kuwapunguzia chakula ndiko kulikomtesa. Kesho yake nilipima kikombe kimoja, nikamwaga, nikafunga mfuko. Makinda wakamaliza wakatutolea macho. Mkono wa Mama ukaurudia mfuko.

"Wana ndaa, Mwanaisha. Huwaoni?"

"Lali alisema kikombe kimoja."

"Lali alisema," akarudia, akauondoa mkono. Akashuka ngazi haraka. Asubuhi iliyofuata ikawa vilevile, na iliyofuata pia, mimi nikishika mfuko na yeye akiusogelea. Siku moja alinizaba kibao kwa ajili ya konzi ya mtama, kisha akakaa chini akikitazama kiganja chake. Ajabu yake, nilikipenda kibao kile. Kiliuma, na kilikuwa kitu cha kwanza kuniuma kwa muda.

Siku zikaenda, makinda wakaanza tena kupiga mabawa ndani ya waya, na Mama mwenyewe ndiye aliyesema, "Basi. Leo." Hakuna aliyekuwa amefikiria kuyaondoa mashuka kambani. Mama alikuwa ameamka alfajiri kama kawaida, akafua, akaanika, dari nzima nyeupe. Akalifungua pindo la leso, akatia ufunguo kwenye kufuli. Akaufungua mlango, akajitoa kando.

Hakuna aliyetoka. Walitazama ule uwazi kama mtu anayetazama deni. Halafu mmoja akaruka mpaka ukingoni mwa dari, akageuza kichwa, na ghafla wote wakainuka kwa kishindo, wakatupita vichwani.

Walikuwa wazito, wakaruka ovyo ovyo mwanzoni. Kisha wakajipanga. Wakazunguka juu ya nyumba yetu, juu ya msikiti, wakaelekea kwenye vilima vya mchanga, wakawa vitone, nikawapoteza. Nikalitikisa kopo mpaka mkono ukauma. Wakarudi, wakashuka chini kabisa, nikaona miguu yao imetoka tayari kutua; upepo ukayainua mashuka, pwa! Wakatawanyika. Wakaja tena, wakaogopa tena. Kila mzunguko ukawa mpana zaidi ya ule uliotangulia.

"Mbona hawashuki?" Mama alisema. "Mwanaisha, mbona hawashuki?"

"Mashuka, Mama. Wanayaogopa mashuka."

Mama huyu, aliyekuwa akitupiga makofi tukiyagusa mashuka ya watu kwa mikono michafu, aliliparamia la kwanza akalivuta, vibanio vikaruka. La pili. La tatu. Aliyavuta yote yakaanguka kwenye mavi ya njiwa, akayakanyaga, akaninyang'anya kopo.

Hakuwahi kuwaita njiwa wale maishani mwake. Alianza chinichini, kwa haya, maana Bi Zena alikuwa ameshatoa kichwa upande wa pili. "Ndoo. Ndoo." Halafu akapaza. "Ndoo! Ndooni wanangu!" Kopo likilia, leso imemwanguka mabegani. "Ndoo! Ndoo mwanangu, ndoo! Lali! Lali, ndoo!"

Bi Zena akafunika mdomo.

Wakashuka. Wa kwanza alitua kwa kishindo karibu na miguu yake, kisha wengine, mmoja mmoja, wakaingia tunduni kufuata mtama. Mmoja alikaa juu ya mnara wa msikiti akitutia roho juu, naye akaja mwishoni. Nikafunga mlango. Mama alikuwa bado anaita. Macho yake yalikuwa juu, mahali ambapo hapakuwa na ndege hata mmoja.

"Mama, wameingia wote."

Akaendelea kuita. Nikamshika mkono wenye kopo. Ndipo akanitazama, akaketi juu ya mashuka yale yaliyochafuka, akalia kwa sauti niliyokuwa sijaisikia hata siku ya maziko. Nami nikalia. Ganzi inapotoka mguuni huuma vibaya, na mimi iliniuma mwili mzima. Tulipomaliza, Mama alinipangusa uso kwa ncha ya shuka la wageni, akaniuliza, "Wewe, umekula?" Tukashuka, tukala mkate na chai, na yeye akala.

Mashuka yalifuliwa upya, msimamizi wa nyumba ya wageni akanung'unika, Bi Zena akamjibu kwa niaba yetu mpaka akajuta. Makinda tuliendelea kuwarusha kila asubuhi, kikombe kimoja, kopo, mazoezi. Mwalimu aliwachukua kwenye boti ya abiria mpaka kisiwa cha Ndau, akawaachia pamoja na wake. Wetu walifika nyuma ya wote. Mama alisema ni ile pilau ya Bi Zena.

Kwa miaka nilidhani Mama aliwafungia kwa kuogopa kwamba hawatarudi. Mwenyewe alisema hivyo, nami nikamwamini. Sasa nina mtoto, na usiku akipata homa nakaa nikimtazama, nimeanza kuona vingine. Nadhani alichoogopa Mama ni kwamba watarudi wao, Lali asirudi. Maadamu kufuli lilikuwa mlangoni, hakuna aliyetoka, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kuitwa, na yeye aliweza kuishi hivyo, akilisha na kufua, bila kujaribu sauti yake. Kuufungua ule mlango kulimlazimu aite. Siku ile aliwaita wote aliowataka, akawaona waliokuja.