Mashina Matatu ya Mbeetwa

Mama mkwe wangu alipoona nimepanda nyasi mbele ya nyumba, alishika kiuno. "Nyasi mlangoni? Watu watasema hili boma limehamwa!" Huku kwetu Machakos tunang'oa nyasi tangu utotoni, kwa hiyo sikumshangaa. Lakini hizi zilikuwa mbeetwa, nyasi za asili, zenye vimbegu bapa vinavyotikisika upepo ukipita. Nilizichimba kwa marehemu mama siku kaka zangu walipouza shamba. Mashina matatu tu, ndani ya gunia. Kwa yote ya kwetu, hayo tu ndiyo yaliyokuwa yamebaki.

Asubuhi moja nikakuta shimo. Mashina yamebaki mawili.

Nani? Mbwa hachimbi shimo safi hivyo. Kikulacho ki nguoni mwako, nikajiambia, na macho yakaenda moja kwa moja kwa mama mkwe, ng'ambo ya mtaro. Jembe lake lilikuwa limeoshwa. Tangu lini anaosha jembe? Nilimwambia mume wangu, akacheka. "Mama aibe nyasi?" Wee cheka tu, nikawaza. Yale mawili nikayazungushia miiba mpaka mkono hauingii. Mama mkwe alikuja kunisalimia, akaiona miiba, akaniangalia, akarudi kwake bila kunywa chai. Nikafurahi, Mungu anisamehe.

Mwaka mzima sikuyagusa. Niyakate? Thubutu! Yalipendeza vile yalivyokuwa marefu. Kumbe mbeetwa isipokatwa wala kuliwa na mbuzi, majani yake makavu huisonga. Mvua ikaja, nikangoja yachipue, wapi. Nilipoondoa miiba, nilikuta yote mawili yameoza katikati. Nililia palepale, magoti kwenye udongo.

Nikavuka kwenda kwa mama mkwe nikiwa na hasira, hata sijui namkasirikia nani. Alikuwa ameinama kwenye ukingo wa mtaro wake, anapalilia shina langu. Lilikuwa limekatwa fupi, kijani kibichi, limetoa machipukizi pande zote.

"Kwa hivyo ni wewe uliiba!"

"Ni mimi," akasema, bila hata kuinuka. "Mtaro ulikuwa unabomoka, nikataka kitu cha kushika udongo. Sasa niambie, mwana wakwa. Ningekuomba, ungenipa?"

Nikageuka kuitazama ile miiba niliyoiondoa. Akachukua panga, akalipasua shina katikati, akanisukumia nusu kubwa.