Chumba cha Wazee kwenye Shamba la Waflama

Nilikwenda Ubelgiji, kwa Waflama, kutafuta kosa. Nasema wazi tangu mwanzo, kwa sababu watu wa Bunia wananisimamisha njiani kuniuliza habari za Ulaya, na nikiwajibu juu ya baridi na magari peke yake najiona muongo. Mdogo wangu Claudine aliolewa kule Ubelgiji na mkulima anayeitwa Wim. Mwaka huu alipiga simu akasema anataka Mama aende kukaa naye. Miezi mitatu, ndivyo karatasi inavyosema. Lakini nani asiyejua? Mama akishazoea nyumba yenye joto na maziwa asubuhi, atarudi kwangu kufanya nini?

Mama anakaa kwangu tangu vita vilipotukimbiza kijijini kwetu, upande wa Djugu. Miye ndiye ninayemkanda magoti kwa maji ya moto, miye ndiye ninayejua bugali anautaka laini kiasi gani. Claudine anajua sauti yake tu, kwa simu, siku ya Mungu. Basi ukoo ukakaa, na Noko Ngabu, kaka yake Mama, akakata neno: "Muzee hawezi kwenda fasi yenye hakuna mutu wetu ameona. Mukubwa aende kwanza. Aangalie nyumba, aangalie fasi Mama atalala, arudi kutuambia. Akisema hapana, ni hapana." Kwetu ndivyo tunavyofanya hata kwa binti anayeolewa, kuna anayetangulia kuona kitanda. Claudine akatuma tiketi. Miye nikafunga sanduku, na jibu nilikuwa nalo tayari.

Siku ya safari tulitoka Bunia alfajiri, tukapita Bogoro jua likiwa bado dogo. Kazi yangu ni kuchoma na kuuza tofali, kwa hiyo njiani siwezi kutazama kitu kingine: huyu amejenga kwa tofali mbichi, mvua itamla, yule amechoma nusunusu, zimebaki rangi ya mkate usioiva. Tukateremka hadi Kasenyi, tukavuka ziwa kwa mtumbwi wa mota mpaka upande wa Uganda, na kesho yake jioni nilikuwa Entebbe, miguu imevimba, nikisali ndege isianguke kabla sijamwambia Claudine yaliyo moyoni.

Asubuhi, Brussels. Claudine alinirukia shingoni mbele ya watu wote. "Yaya! Yaya yangu!" Kwetu ndivyo mdogo anavyomwita dada yake mkubwa. Alilia, na miye nikalia, siwezi kukataa. Kisha nikamwangalia vizuri. "Umenenepa," nikamwambia. Kwetu hiyo ni sifa, naye akacheka akashukuru. Miye nilikuwa nimesema kwa uchungu.

Saa nne hivi tukafika shambani. Kwanza niliona maji: mfereji mpana unaozunguka nyumba zote, na daraja dogo la kuingilia. Juu ya lango kuna mnara wa mraba wenye vitundu vingi. "Nyumba ya njiwa," Wim akaniambia kwa Kifaransa chake cha kusukumasukuma. Yeye ni mtu mrefu, mpole, mikono yake mikubwa kuliko maneno yake. Alinieleza kwamba zamani si kila mkulima aliruhusiwa kufuga njiwa. Mwenye mnara alikuwa mtu mzito. Nikamuuliza kama babu zake walikuwa watu wazito. Akacheka. "Hapana, Mama. Shamba lilikuwa la watawa. Babu zangu walilima, wakawapelekea ngano. Watawa walipofukuzwa, shamba likauzwa kwa tajiri wa mjini, nao wakamlimia tajiri. Babu yangu mzaa baba ndiye wa kwanza kuwa mwenyewe." Roho yangu ikatulia kidogo kusikia hivyo. Kumbe nao walikuwa wapangaji.

Lakini ndani ya ua wivu ukanishika kweli. Ua ni wa mraba, umefungwa pande zote nne: nyumba ya watu upande huu, zizi upande ule, ghala kubwa mbele, lango nyuma yako. Katikati ndipo walipokuwa wakilundika samadi, ili kila mpita njia ajue utajiri wa mwenyeji. Kuta zimepakwa chokaa nyeupe, na chini, kimo cha goti, zimepakwa lami nyeusi ili matope na maji visipande. Kwenye ukuta wa ghala kuna vyuma vinavyoshika boriti za ndani, na vile vyuma wamevikunja vikawa tarakimu za mwaka ghala lilipojengwa. Nilizisoma mara mbili. Babu ya babu yangu alikuwa bado hajazaliwa! Na miye ninayechoma tofali kila kiangazi, nioneshe ukuta mmoja wa baba yangu uliosimama. Hakuna hata mmoja.

"Hizi tofali walizitoa wapi?" nikamuuliza Wim. Akanionesha mfereji. Walichimba udongo hapohapo, wakachoma hapohapo shambani, na shimo likajaa maji. Ndivyo tunavyofanya siye! Shimo langu nyuma ya tanuru linajaa maji vilevile, na majirani wananitukana kwa ajili ya mbu. La kwao linaitwa historia.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku yangu ya tatu shambani Claudine alinipa mabuti ya mpira, nikaingia nao kazini, na kazi yangu ya kweli ikaanza: kukagua. Niliingia ghalani nikapiga nguzo kwa ngumi. Mbao nzima za mti mmoja, zimefungwa kwa vigingi vya mti bila misumari, na mlango mrefu hata gari la nyasi linaingia na mzigo wake wote. Nilitafuta mchwa. Hawana mchwa, watu wa bahati! Nilikwenda kwenye kijumba cha tanuru ya mkate, kimejengwa peke yake mbali na nyumba kwa kuogopa moto. Kiko sawa. Niliingia zizini. Ng'ombe wa Wim wanalala pakavu kuliko ndugu zetu wakimbizi walioko kambini. Hapo nilitoka nje nikasimama kando ya mfereji mpaka hasira ikapungua.

"Yaya, iko nini?" Claudine akaniuliza.

"Hakuna kitu. Nionyeshe fasi Mama atalala."

Mchana ule akanipeleka. Jikoni kwao kuna ngazi sita za mbao, na juu yake kuna chumba ambacho si cha ghorofa na si cha chini. Wim akaeleza: chini yake kuna chumba cha baridi, nusu kimeingia ardhini, cha maziwa na viazi; ili kipate kimo, sakafu ya juu iliinuliwa. Zamani mtoto wa kiume alipooa na kushika shamba, wazazi walihamia humo. Dirisha linatazama ua wote. "Ili waone kama mtoto anafanya kazi," alisema. Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Claudine alikuwa ameshona mapazia ya kitenge, kile cha buluu Mama anachokipenda. Nilidhani ni miye peke yangu ninayejua Mama anapenda kipi.

Nikauliza kwa ukali, "Na mama yako weye, Wim? Hiki chumba cha wazazi, mbona hakilali mzazi?"

Wakatazamana. Claudine akajibu taratibu kwamba Mama Godelieve, mkwe wake, anakaa kijijini, kwenye nyumba ya wazee.

Furaha iliyonishika, Mungu anisamehe! Kosa ndilo hilo. Chumba cha wazee kitupu, na mzee ametolewa. Usiku huo nilikula vizuri kwa mara ya kwanza.

Siku ya tano niliomba nipelekwe kumsalimia huyo mama. Nilitaka nimwone kwa macho yangu ili nikiwaeleza nyumbani wasinibishie. Claudine akatuacha wawili. Mama Godelieve ni mdogo wa mwili, nywele nyeupe kabisa, Kifaransa chake kizuri kuliko cha mtoto wake. Nilimpa pole kwa kufukuzwa. Akashangaa.

"Nani amenifukuza? Wim alilia kama mtoto siku nilipoondoka. Nimetoka mwenyewe."

"Kwa nini, Mama?"

"Mume wangu alikufa. Wim yuko na ng'ombe, Claudine yuko hospitali kazini. Nilikaa kwenye lile dirisha toka asubuhi hadi jioni, natazama ua ambao niliingia nikiwa bibi-arusi. Hakuna anayepita. Hapa angalau kuna watu wa kucheza nao karata, ingawa wanaiba."

"Ungependa kurudi?"

"Kungekuwa na mtu wa kukaa naye, ningerudi kesho." Akanishika mkono. "Mama yako anajua kumenya viazi?"

"Maisha yake yote," nikajibu, nikatamani ningesema hapana.

Ndani ya ndege ya kurudi nilitengeneza maneno yangu. Sikutaka kusema uongo; miye ni mtu wa kanisa. Nikachagua sentensi moja: "Mama ya Wim anakaa kwenye nyumba ya wazee." Kila neno ni kweli. Niliirudia juu ya mawingu, nikairudia Entebbe, nikairudia juu ya ziwa, na tulipopanda kutoka Kasenyi kuelekea Bogoro ilikuwa imeshalainika mdomoni.

Bunia, siku ya Mungu baada ya ibada, ukoo ulijaa sebuleni kwangu. Niliwasifia lango, njiwa, ghala, ukuta mweupe wenye lami chini. Nilisifia sana, ili wasinione mwenye roho mbaya. Kisha nikaitoa sentensi yangu.

Noko Ngabu akapiga paja. "Ee! Nilisema miye! Mutu anamutupa mama yake, mama ya mwingine atamufanya nini? Basi, imeisha. Haendi."

Wote wakaitikia. Nilikuwa nimeshinda. Mama alikuwa kwenye kiti chake karibu na mlango.

"Uyo mama," akaniuliza, "ulimusalimia?"

"Ndiyo, Mama."

"Alikuambia nini?"

Hakunitazama kwa ukali. Aliuliza tu, kama mtu anavyouliza habari za mgonjwa. Ningeweza kusema alinisalimia, basi. Nilifungua kinywa niseme hivyo, na yakatoka yote: dirisha, ua usiopitwa na mtu, karata, viazi, kwamba angerudi kesho akipata mwenzake. Noko alinitazama kama mtu aliyeuziwa tofali mbichi.

"Kumbe iko na chumba," Mama akasema, "na mama mwenzangu anakaa inje yake juu ya kukosa mutu wa kuongea naye. Na miye niko hapa, munanifanyia mukutano."

"Mama, luga yake hauijue!" nikamwambia. Sauti ilinipanda.

"Na wakati tulifika Bunia na nguo zenye tulivaa, nilikuwa najua luga ya ule mama mwenye alitupokea? Tulimenya mihogo pamoja kwanza. Maneno ilikuya nyuma." Akajiinua kwenye kiti. "Noko yenu amesema mukubwa aende kuona. Ameona. Nitaenda."

Nililia mbele yao wote. Sikulia kwa toba. Nililia kwa sababu mtu wa kumpokonya Mama nilidhani ni Claudine, na sasa kulikuwa na mwingine tena, mzungu mwenye nywele nyeupe, na ni miye niliyemleta nyumbani kwa mdomo wangu.

Mama aliondoka mwezi uliopita. Watu wananiuliza nimejifunza nini kwa Waflama. Nimejifunza lami chini ya chokaa. Jirani yangu ameshajaribu, ukuta wake haulowi. Nimejifunza pia kwamba mtu anaweza kupanga maneno ya kweli tupu na bado akawa anadanganya, na kwamba miye ni fundi wa kazi hiyo.

Jana Claudine alituma picha. Wanawake wawili wazee wamekaa kando ya lile dirisha, bakuli moja la viazi katikati, wote wanacheka, sijui nini. Niliipanua kwa vidole mpaka chini kabisa, nione kama wamemvalisha Mama soksi kwa ile baridi. Wamemvalisha. Za sufu, nzito, nzuri. Nilizitazama sana, na roho iliniuma kwamba anazo.