Laptop ya Shemeji

Majina sitaandika. Siyo kwamba naogopa mtu, ila mama mkwe wangu bado yuko hai na alichoniletea nilikipokea. Waliohusika nitawataja kwa kazi zao na kwa udugu wao, na wenyewe wakisoma watajijua. Wa kwanza ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mtunza stoo wa kampuni moja huko Dar. Wa pili ni fundi wa kompyuta wa Moshi mjini. Wa tatu ni mwalimu wa chuo, ingawa huyo dhambi yake ni ndogo, alikuwa na moyo mgumu tu.

Mimi niliishia darasa la saba. Baada ya hapo nikawa mpagazi, nikabeba mizigo ya wageni mlimani mpaka mwaka ule baridi ilipotukamata juu, na upepo ukabeba mahema. Wenzangu wawili walishushwa wakiwa wamefungwa kwenye maturubai. Mimi nilishushwa ninapumua, nikakatwa vidole vyote vya mguu wa kushoto, vilishakuwa vyeusi. Kanisani wakaniambia nimshukuru Mungu, nikamshukuru. Kampuni ya utalii ikanipa kifuta jasho, na kwa hela hiyo nikanunua ndama jike. Mke wangu alikuwa akinitania kila jioni akitoka kukata majani: "Baba, vidole vyako vimeshiba leo?"

Ndama akakua akawa mtamba, tukawa tunangoja apate mimba. Wakati huohuo binti yetu aliingia mwaka wa mwisho chuoni. Alisomea kuchora ramani za nyumba. Kazi yake ya mwisho ilikuwa kuchora nyumba kamili, na alichagua kuchora ya kwetu, pale pale kihambani, kwenye shamba letu kati ya migomba, yenye veranda na choo cha ndani na banda la ng'ombe lenye sakafu. Michoro ile haikubali kwenye simu. Alikuwa akiazima kompyuta za wenzake, na wenzake wakaanza kumkwepa.

Ndipo shemeji alipopanda kutoka Dar. Kijana wake, anayelelewa na bibi yake huku juu, alikuwa anapata kipaimara, na kipaimara cha Mchagga bila ng'ombe ni aibu ambayo shemeji asingeiweza. Akaja kwangu na boksi kwapani.

"Shemeji, mpya kabisa hii. Boksi limefunguliwa tu. Mteja aliifungua akairudisha, ndiyo maana bei imeshuka. Dukani kwa mtamba mmoja huipati."

Niliigeuza. Karatasi ya gundi ilikuwa imechanika upande mmoja, na penye karatasi ya anuani palikuwa pamekwanguliwa kwa kisu.

"Hapa pamekwanguliwa nini?"

"Aa, shemeji! Mimi nitampa mpwa wangu kitu kibovu? Damu yangu hiyo!"

Mke wangu akanitazama. Ni kaka yake, na kwetu mjomba ni mtu mkubwa kwa mtoto, huwezi kumkagua kama mchuuzi wa sokoni. Binti akaiwasha, ikawaka, kioo kikawa kama dirisha. Akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu nilipotoka hospitali ya Mawenzi na magongo. Mtamba akafunguliwa. Siku ya kipaimara nilikaa chini ya turubai na sahani mapajani, nikala. Nyama ilikuwa laini. Shemeji mwenyewe aliniongezea.

Mashine ilifanya kazi vizuri miezi kadhaa. Nyumba yetu ikasimama kwenye kioo, ukuta kwa ukuta. Lakini kadiri mchoro ulivyokua, mashine ikaanza kusongwa. Binti akibonyeza kitu anakwenda kuosha vyombo, akirudi ndiyo kinafunguka. Akasema haina ubaya, ila kumbukumbu yake ni ndogo, mafundi wanaweza kuiongezea. Kulikuwa na hela ya kahawa iliyobaki. Tukashuka naye mjini.

Fundi alikuwa kijana mchangamfu, meza yake imejaa skrubu na vifuniko vya soda.

"Shikamoo mzee. Hii mashine kali, mzee, ila wameinyima chakula. Tuipe RAM, halafu tuipe diski mpya, SSD. Itakimbia mpaka uiogope."

"Na michoro yangu?" binti akauliza. "Iko kwenye diski ya zamani."

"Nahamisha kila kitu, dada. Ondoa shaka."

Hela yetu haikutosha. Akasema tumwachie diski ya zamani, itafidia pengo. Diski ya zamani kwangu ilikuwa kama tairi lililochakaa, ukifunga jipya unamwachia mtu wa gereji. Nikasema sawa. Binti alisita kidogo, akasema, "Baba, labda tuichukue." Nikamwambia tutaifanyia nini. Tukaondoka na mashine inayowaka kabla hujakaa vizuri.

Nyumbani akaiunganisha na simu ili ipate mtandao. Ikajizima, ikajiwasha. Kioo kikawa cheupe, katikati pakatokea jina la kampuni moja na maneno kwamba kifaa hiki ni mali yake, weka neno la siri la mfanyakazi. Binti akabonyeza kila kitufe. Akaizima akaiwasha. Jina lilelile. Mke wangu alikuwa anakoroga mtori wa ndizi, mwiko ukabaki hewani.

"Si ndiyo kampuni ya kaka?" akasema.

Ilikuwa ndiyo.

Asubuhi tulikuwa kwa fundi kabla hajafungua. Akaitazama, akapiga mluzi.

"Mzee, hii imetoka ofisini kwa watu. Ina kufuli humu ndani kabisa. Diski ya zamani ilikuwa imechezewa ili kufuli lisijulikane. Mpya haijachezewa, ndiyo maana limeamka."

"Basi rudisha ya zamani."

Akajikuna shingo. "Nilishaifuta jana, mzee. Kuna mtu wa Himo ameondoka nayo."

"Na michoro?" Sauti ya binti ilikuwa ndogo sana.

"Picha nilihamisha zote, dada. Zile faili nyingine zilikuwa na majina ya ajabu ajabu, nikajua ni takataka za mashine."

Nilimwambia fundi maneno ambayo siyarudii hapa, na watu wa vibanda vya jirani wakaja kunishika. Fundi akawaambia, "Mwacheni mzee, ana machungu," kama vile machungu hayo nilizaliwa nayo.

Mwalimu wa chuo alimsikiliza binti akiwa amesimama mlangoni. Akasema tarehe ni tarehe, kila mwanafunzi ana hadithi ya kompyuta. Arudie mwaka. Arudie kwa hela gani, wakati mtamba alishaliwa?

Nikaamua. Mashine niipeleke polisi, jina la kampuni si linasomeka? Waulizwe stoo yao inatunzwa na nani. Mke wangu alilia siku mbili, lakini hakunizuia. Nilikuwa nimeshavaa viatu, kile cha kushoto nimekijaza matambara kama kawaida, nikasikia watu wanabisha hodi.

Alikuwa mama mkwe. Nyuma yake shemeji, kichwa chini, amebeba debe la mbege, pombe yetu ya ndizi. Sijui nani alimwambia nimekusudia nini, ingawa nikimtazama mke wangu najua. Mama mkwe alishika jani la isale mkononi.

Asiye wa kwetu nimweleze. Isale ni mmea tunaopanda mipakani na makaburini. Mtu akikukosea, akija na jani la isale kuomba msamaha, hulikatai. Ukilikataa, tangu siku hiyo mkosaji ni wewe.

"Mkwe," akasema, "nimelichuma mwenyewe. Huyu ni mtoto wangu, na yule ni mjukuu wangu. Utaliacha mkononi mwangu?"

"Shikamoo mama," nikasema, maana sikupata lingine.

"Marahaba. Pokea."

Nilitaka ng'ombe. Nilitaka michoro ya mwanangu. Nikaletewa jani. Nikalipokea, nikalichomeka juu ya mlango, tukanywa mbege. Nikavua viatu.

Binti alishuka Chekereni kupandikiza mpunga kwenye mashamba ya watu. Bado yuko huko. Akija Jumapili miguu yake imevimba na kucha zimekuwa nyeusi, na mimi najua kucha nyeusi ni nini.

Desemba iliyopita shemeji alipanda tena. Amenenepa, kazi anayo, anajenga. Alikaa kitini kwangu pembeni ya mama yake.

"Shikamoo mjomba," binti akasema.

"Marahaba, mpwa wangu! Hivi ile mashine mnaitumia?"

Mke wangu akamwekea chai, naye akaendelea.

"Maana kama imekaa tu, nipeni nishuke nayo. Kuna mtu Dar anatafuta spea, na nasikia mliiongezea RAM na diski. Huku itaoza bure."

Mama mkwe alikuwa anatazama mlangoni, juu, pale jani lilipokuwa limekauka. Nami nikatazama. Mke wangu akangoja niseme neno.

Binti ndiye aliyeinuka. Akaishusha kabatini, akafuta vumbi kwa kanga, akairudisha kwenye boksi lake na waya wake, akampa mjomba wake kwa mikono miwili, kama tulivyomfundisha.