Noti Aliyowanyima

Ottokar Wessely hakuyaamini makofi. Miaka mingi alikuwa ameimba tenori, sauti ya juu ya kiume, katika opera ya Vienna, na huko makofi yalikuwa na mwenyewe: Bwana Pokorny, mkuu wa wapiga makofi wa kukodiwa. Vijana wake walisimama roshani ya juu, na mwimbaji alipoitoa tu noti kubwa, ile ya juu kabisa katika wimbo, wakalipuka. Kila mwimbaji alimlipa. Aliyekataa alishuka jukwaani kimya kama anatoka mazikoni.

Sasa Ottokar alikuwa katika opereta, ile michezo myepesi ya nyimbo na vichekesho ambayo watu wa opera waliidharau, amevaa koti la kiaskari lenye vifungo vya dhahabu ya uongo, akiimba wimbo wa mapenzi ambao kesho yake wauza maziwa waliupiga mluzi. Mwalimu wake wa zamani alipomwona barabarani, alivuka upande wa pili. Lakini kila jioni ukumbi ulidai aurudie. Mkurugenzi alitaka jibu Jumamosi: abaki moja kwa moja, au arudi opera kabla mlango haujafungwa. Na Ottokar hangetupa sauti aliyoilea ujana wake wote kwa ajili ya shangwe za kununuliwa.

Alhamisi, kupitia kioo cha mkahawa, alimwona mkewe Hermine ameketi na Pokorny.

"Umemlipa," alimwambia nyumbani, akiisukuma supu.

"Alikuwa anaomba tikiti."

"Pokorny? Aombe tikiti?"

"Otto, wewe hata jogoo akiwika utauliza nani kamtuma. Kula, supu inapoa."

Hakula. Alikuwa anawaza jinsi ya kuwanasa.

Ijumaa, pale wimbo unapopanda na wakodiwa wote hukaa mkao wa kupiga, yeye akashuka. Aliumalizia chini, kwa sauti ya kubembelezea mtoto, akanyamaza.

Ukumbi ukatulia tuli. Hakuna kofi hata moja. Basi ni kweli, akawaza, bila noti ya kuwapa ishara wakodiwa hakuna wa kupiga, na jasho likamtiririka ndani ya lile koti.

"We Wessely!" sauti ya mwanamke ikapasuka kutoka juu kabisa. "Noti yetu iko wapi? Nimepanda ngazi zote hizi na goti bovu, halafu unatubania?"

"Kaimeza na soseji!" mwanamume akadakia.

"Itapike, baba! Rudia, na usituibie tena!"

Kicheko, miguu ikagonga sakafu, makelele toka kila pembe. Ottokar alisimama akiyasikiliza kama mgonjwa anayesomewa majibu na daktari. Aliyekodiwa hadai, hutimiza kazi yake akaenda zake. Hawa walilalama kama watu waliopunjwa unga sokoni.

Akamtazama kiongozi wa wapiga ala, akamwashiria kwa kichwa. Safari hii aliwapa noti yao, yote, hadi pumzi ya mwisho.

Jumamosi alitia sahihi mkataba wa kubaki. Mkurugenzi aliukamata mkono wake kwa mikono miwili, akausukasuka, akamwita hazina ya jumba. Ottokar alishukuru kwa adabu, macho yake yakibaki kwenye ile mikono miwili, akijiuliza mkono wa pili unataka nini.